Mama hawezi kulala bila kidonge, na kaka anataka nimbadilishie kwa siri

Kwako Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na ninaishi na mume wangu, watoto wetu wawili pamoja na mama yangu mzazi mwenye miaka 73. Ninakuandikia kwa sababu ya jambo lililotugawa mimi na ndugu zangu, jambo ambalo siwezi kulizungumza na majirani kwa kuwa linamhusu mama na sipendi asemwe.

Baba alifariki mwaka 2018. Arobaini ilipokwisha na wageni wakatawanyika, mama akawa halali, na wale waliokuwa naye Pangani wanasema alikuwa akikaa barazani hadi adhana ya alfajiri. Jamaa yetu mmoja aliyekuwa muuguzi akamletea vidonge vya diazepam vya miligramu 5, akamwambia ameze kimoja usiku kwa muda tu, hadi msiba upoe. Msiba ulipoa, vidonge havikukoma. Mama alipohamia kwangu alikuja navyo, na sasa hujinunulia mwenyewe katika duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Kijana anayeuza amemzoea, anamwita bibi, humkopesha akiwa hana fedha, na hajawahi kumwuliza cheti cha daktari. Bahasha anayompa imeandikwa "1 x 1" kwa kalamu, basi. Tangu mwaka jana kidonge kimoja hakimtoshi, kwa hiyo siku nyingine humeza viwili.

Baada ya sala ya isha mama humeza dawa yake, na ikifika saa mbili na nusu yuko kitandani. Saa tisa usiku macho huwa makavu, na asubuhi hutuambia kwamba hakulala hata kidogo. Mchana, baada ya chakula, hujilaza hadi alasiri. Kidonge cha usingizi hukimeza pamoja na dawa zake za presha, ikiwemo ile inayomfanya akojoe sana, zote kwa mkupuo mmoja jioni ili asisahau. Magoti yakimsumbua humeza tramadol aliyoandikiwa hospitali, na akipata mafua hujinunulia Piriton.

Mwezi uliopita aliamka usiku kwenda chooni akaanguka kwenye korido. Alhamdulillah, hakuvunjika, ila aliumia nyonga na kichwa kikajigonga ukutani. Asubuhi yake hakukumbuka kwamba alikuwa ameanguka, na kwa kuwa alisema hana maumivu makubwa hatukumpeleka hospitali. Tangu wakati huo naona anasahau zaidi kuliko zamani: anauliza swali lile lile mara mbili, na siku moja aliacha jiko la gesi likiwaka. Sijui kama ni uzee au ni dawa.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat na ndiye anayetuma sehemu kubwa ya fedha za matumizi ya mama. Alipopata habari ya kuanguka alipiga simu akataka vidonge vyote vitupwe siku hiyo hiyo. Mama aliyasikia maneno hayo, akalia, akasema tunataka kumwua, kwani akikosa dawa mikono humtetemeka na moyo humwenda mbio. Si uongo, niliyaona hayo kwa macho yangu siku za Idi, duka lilipofungwa. Ndipo kaka akaja na rai nyingine, kwamba nitafute vidonge vya vitamini vinavyofanana na vile kwa rangi na ukubwa, niviweke katika bahasha ya mama bila kumwambia. Kaka anaamini kwamba ugonjwa wa mama uko kichwani tu, na kwamba wiki mbili zikipita salama tutamweleza na sote tutacheka. Amesema pia kwamba ikishindikana kabisa atamtumia zolpidem kutoka huko, kwa kuwa ni dawa ya kisasa isiyo na madhara.

Mdogo wetu wa kike, aliyeko Dar es Salaam, hataki kusikia lolote kati ya hayo. Anasema mama ametulea kwa tabu, sasa amezeeka, na kama kidonge kinampa raha basi aachwe nacho hadi Mwenyezi Mungu atakapomchukua.

Mume wangu amenyamaza, anasema mama ni wenu. Mimi ndiye ninayelala mlango wazi nikisikiliza kila mlio. Vidonge vya vitamini nimeshavinunua, vimo kabatini, sijavitumia. Nikimbadilishia nitakuwa nimemdanganya mama aliyenizaa, na nisipombadilishia akaanguka tena sitajisamehe. Na huyo kijana wa duka, nimshitaki? Kliniki ya presha ya mama ni mwisho wa mwezi huu. Naomba unisaidie kufikiri.

Binti Mlezi, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huu unaoubeba huku wengine wakitoa amri na maoni kutoka mbali. Kabla ya vidonge vya kabatini, kabla ya kaka na kabla ya kijana wa duka, kuna jambo moja katika barua yako ambalo singependa lisubiri mwisho wa mwezi. Mama ana miaka 73, alijigonga kichwa, hakukumbuka alichofanya usiku ule, na baada ya hapo kusahau kwake kumezidi. Kwa mtu wa umri wake, damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu na dalili zake zikajitokeza wiki kadhaa baada ya kuanguka: kuchanganyikiwa, usingizi wa mchana usio wa kawaida, kichwa kuuma, mguu kuburuzika. Huenda hakuna kitu cha namna hiyo, na huenda kusahau kunatokana na diazepam yenyewe, ambayo inajulikana kwa kuvuruga kumbukumbu. Lakini si mimi wala wewe tunayeweza kuyatofautisha kwa macho. Mpeleke akaonwe mapema, ikiwezekana kesho, na umweleze daktari habari ya kuanguka pamoja na habari ya vidonge. Akipata kutapika, udhaifu wa upande mmoja, au usingizi ambao huwezi kumwamsha, msingoje kupambazuke.

Sasa tuje kwenye lile linalokunyima raha. Nimeelewa kwamba umewekewa njia tatu mbele yako, kila moja ikiwa na mtetezi wake: kumkatia mama dawa, ama kwa wazi ama kwa siri, kumbadilishia dawa nyingine, au kumwacha kama alivyo. Nimeelewa pia kwamba hakuna hata mmoja kati yenu watatu aliyekaa na mama akamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Labda mlifanya hivyo na barua haikuwa na nafasi ya kulitaja. Kama hamkufanya, basi naomba uliweke hilo kando kwa muda, kwa maana nitalirudia.

Nianze na vidonge vya vitamini. Kaka yako anaamini kwamba tatizo liko kichwani, na nadhani neno hilo ndilo linalomfanya aone kwamba hila ndogo itatosha. Mwili wa mtu aliyemeza diazepam kila usiku kwa miaka umejipanga upya kuizoea dawa ile. Ubongo una namna yake ya kujituliza, na dawa za kundi hili huiongezea nguvu. Zikitumika muda mrefu, ubongo huacha kujituliza kwa bidii yake mwenyewe na kuitegemea dawa. Ikiondolewa ghafla, kinachobaki ni ubongo uliochangamka kupita kiasi: mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho, hofu, usingizi kupotea vibaya kuliko mwanzo, na kwa baadhi ya watu degedege au kuchanganyikiwa kunakohitaji kulazwa. Uliyoyaona siku za Idi yanalingana na hayo, na nasikitika kwamba mama alipoyasema mlidhani anawatisha.

Kuna tabia moja ya diazepam ambayo ingemhadaa kaka yako hata kama angekuwa hapo nyumbani. Dawa hii hutoka mwilini polepole sana, na kwa wazee polepole zaidi, kwa sababu ini huigeuza kuwa umbo jingine linaloendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo inawezekana mkambadilishia vidonge, usiku wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mkapigiana simu za furaha, kisha shida ikaanza wakati mmeshaacha kumtazama kwa makini. Hapo mama ataumwa bila kujua sababu, daktari atakayemwona ataambiwa kwamba mgonjwa anaendelea na dawa zake kama kawaida, na wewe utakuwa mtu pekee pale anayejua ukweli, ukiogopa kuusema. Inawezekana pia kwamba yeye, akiona dawa haifanyi kazi, atatembea hadi dukani akaongeze. Unavijua vidonge ulivyovinunua. Huvijui atakavyovinunua yeye.

Najua pia kwamba wewe ndiye unayempa mama maji ya kumezea dawa ya presha. Akija kugundua kwamba mkono huo uliwahi kumpa kitu kingine kwa jina la dawa, sijui itachukua muda gani kabla hajaanza kuutilia shaka kila usiku. Kaka yako si mtu mbaya kwa kutoa rai hiyo. Yuko mbali, anaogopa kupokea simu ya msiba, na mtu aliye mbali hupenda suluhisho linaloweza kutekelezwa kwa siku moja.

Rai ya mdogo wako ina huruma ndani yake, na siwezi kuitupa kirahisi, kwa maana wapo wazee ambao daktari, baada ya kuwapima, huona kwamba kuwasumbua kwa kuwaondolea dawa kunaweza kuwa na gharama kubwa kuliko kuwaacha na kiwango kidogo. Ningemwuliza tu kama anachokiita raha bado kipo. Mama anameza viwili pale ambapo kimoja kilimtosha, na bado anaamka saa tisa akisema hakulala. Dawa za kundi hili hupendekezwa kwa kukosa usingizi kwa wiki chache, kwa kawaida mbili hadi nne, kwa sababu baada ya hapo mwili huzizoea na faida hupungua ilhali madhara yanabaki. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kina orodha iitwayo Beers inayotaja dawa ambazo ni vyema wazee waepushwe nazo, na kundi hili limo, sababu zikiwa zile zile ulizozieleza wewe bila kuisoma orodha hiyo: kuanguka, kuvunjika mifupa, kusahau. Kwa mwanamke wa miaka 73 nyonga iliyovunjika si jambo la kufungwa bandeji na kurudi nyumbani.

Lakini kama ungeniuliza ni mstari gani wa barua yako ulionitia hofu zaidi baada ya ule wa kichwa, ningekuonyesha ule uliouandika kwa kupita tu, kuhusu magoti. Tramadol ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Diazepam hupunguza kasi ya ubongo, tramadol nayo hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine, na zikikutana zinaweza kumlaza mtu usingizi mzito hadi pumzi ikapungua. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote liwekwe kwenye dawa za makundi haya mawili kuhusu kutumiwa pamoja, na mwaka 2020 ikaongeza onyo jingine kwenye kundi la diazepam kuhusu utegemezi na hatari za kuacha ghafla. Piriton, ambayo wengi wetu tunaihesabu kama peremende ya mafua, nayo hulevya, na kwa wazee huweza kuleta kuchanganyikiwa na mkojo kuziba. Sidhani kama daktari aliyeandika tramadol alijua kuhusu diazepam. Angeijuaje, ikiwa haijawahi kuandikwa katika kadi yoyote? Hili ndilo tatizo la dawa inayonunuliwa bila cheti: haionekani mahali popote, na kila anayemtibu mama anamtibu akiwa na nusu ya habari.

Kuhusu zolpidem, historia inatuusia tahadhari. Mwanzoni mwa karne ya 20 dawa za usingizi zilikuwa za jamii ya babitureti, zilizosifiwa sana kabla watu hawajaanza kufa kwa kuzidisha kipimo. Diazepam ilipoingia sokoni mwaka 1963 ilipokewa kama dawa salama iliyokuja kuziondoa zile. Zolpidem na wenzake walikuja miaka ya 1980 na 1990 wakisifiwa kwamba ni salama kuliko diazepam. Kisha mwaka 2013 mamlaka ile ile ya Marekani ikaamuru kipimo cha zolpidem kinachopendekezwa kwa wanawake kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa asubuhi dawa ilikuwa bado nyingi damuni, na mwaka 2019 ikaweka onyo kali kwamba baadhi ya watumiaji huamka wakiwa usingizini, wakatembea, wakapika, hata wakaendesha gari, bila kukumbuka lolote. Mfikirie mama yako, jiko la gesi na korido ile. Wazee huanguka kwa zolpidem pia. Na kaka yako ajue kwamba zolpidem na diazepam zote zimo katika dawa zinazodhibitiwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, hivyo kumpa msafiri kifurushi cha vidonge hivyo bila nyaraka za daktari kunaweza kumtia matatani yeye na aliyekibeba.

Naomba sasa tuhesabu pamoja. Kutoka saa mbili na nusu usiku hadi saa tisa ni saa sita na nusu. Ongeza usingizi wa mchana, ambao kwa maelezo yako unaanzia baada ya chakula na kuishia alasiri. Mtu mzima wa umri wa mama anahitaji saa saba au nane kwa siku, na usingizi wa uzeeni kwa kawaida huwa mwepesi, hukatika katika, na huja mapema ukaondoka mapema. Inawezekana kabisa kwamba mama analala kiasi cha kumtosha, ila kwa saa ambazo hazifanani na za nyumba yenu, na kwamba anachokiita kutolala ni ule upweke wa kuwa macho gizani wakati wengine wote wamelala. Sisemi kwamba hateseki. Nasema kwamba huenda jina la mateso yake si lile mlilompa ninyi, wala lile alilompa muuguzi wa Pangani mwaka 2018.

Halafu kuna ile dawa inayokojoza. Akiimeza jioni, itamwamsha usiku, na kidonge cha usingizi kitahakikisha kwamba anaamka akiwa hana utulivu wa miguu. Ninyi mmeiona diazepam peke yake katika tukio la korido, na mimi naona dawa mbili zikisukumana. Mwulize daktari kama ile ya kukojoza inaweza kuhamishiwa asubuhi. Kwa wagonjwa wengi inawezekana, lakini msibadilishe saa wenyewe. Wakati huo huo, taa ndogo iwake koridoni usiku kucha, mkeka unaoteleza uondolewe, na kama kuna ndoo yenye mfuniko inayoweza kukaa chumbani mwake bila kumvunjia heshima, mwulize kama ataikubali. Mambo haya hayana ubishi kati ya ndugu, na yanaweza kufanyika leo jioni.

Na kama daktari ataona kwamba dawa ipunguzwe, kupunguza kwenyewe kuna taratibu zake. Hushushwa kidogo kidogo, pengine sehemu moja ya kumi ya kipimo, na isizidi robo, kila baada ya wiki mbili au zaidi, kisha daktari humtazama mgonjwa kabla ya hatua inayofuata. Ikiwa dalili ni kali, hatua husimamishwa kwa muda. Kwa mtu aliyetumia kwa miaka hii ni kazi ya miezi, na kutakuwa na usiku mbaya katikati. Sambamba na hilo hupendekezwa mabadiliko ya mazoea, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliyatanguliza mbele ya dawa kwa watu wanaokosa usingizi kwa muda mrefu: kuamka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kufupisha usingizi wa mchana, kutokwenda kitandani kabla usingizi haujaja, na kuinuka kitandani ukikataa kurudi. Kwa mama yako, kulala saa nne badala ya saa mbili na nusu kungehitaji mtu wa kukaa naye baada ya isha, na hapo naona wajukuu wana kazi.

Nimeahidi kurudi kwa mama mwenyewe. Huko Canada, watafiti waliwapa wazee waliokuwa wakitumia dawa za kundi hili kwa muda mrefu kijitabu kilichowaeleza kwa lugha nyepesi hatari zake na namna ya kupunguza polepole, kisha wakawaachia wao wazungumze na daktari au mfamasia wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: baada ya miezi sita, asilimia 27 ya waliopewa kijitabu walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya asilimia 5 ya wasiopewa. Asilimia 27 si wengi, na hilo nalo linafaa kukumbukwa, maana zaidi ya nusu hawakuacha. Lakini ni wazee walioambiwa ukweli na kuachiwa uamuzi, bila kufichwa wala kukaripiwa. Sijui mama yako angekuwa upande gani. Wala wewe hujui, kwa kuwa hadi sasa alichosikia ni sauti ya mwanawe kwenye simu ikisema vitupwe.

Ungeweza kuanza bila kutaja kuacha. Mwambie ulimwamini kuhusu kutetemeka siku za Idi, na kwamba hutamwondolea dawa kwa nguvu wala kwa siri. Kisha mwulize usiku wake ulivyo: anawaza nini akiamka saa tisa, anamkumbuka marehemu, ana hofu ya nini. Miaka imepita tangu baba afariki, na katika barua yako yote sikuona mahali ambapo mtu alimhani mama kwa kitu kingine zaidi ya kidonge. Mtu mwenye huzuni ya muda mrefu anaweza kukosa usingizi kwa sababu ya sonona, na sonona ina matibabu yake ambayo diazepam haiwezi kuyashika nafasi. Hilo pia lifike kwa daktari.

Vidonge vya kabatini ni vyako kuviamulia. Mimi ningetaka tu, kabla hujaviamulia, ujiulize kama ungekuwa tayari kumweleza daktari wa mama ulichofanya, pale pale, mama akiwa amekaa kando yako.

Kijana wa duka ni swali gumu kuliko linavyoonekana. Diazepam ni dawa ya cheti, na anayeiuza bila cheti anavunja sheria. Baraza la Famasi na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba wapo kwa ajili ya mambo kama hayo, na si mama yako peke yake anayenunua pale. Kwa upande mwingine, duka likifungwa ghafla leo, mama atakosa dawa ghafla kesho, nawe umeshaijua hatari ya hilo. Wengine wangemwendea kijana kwanza, kwa upole, wakamwomba asimwuzie bibi zaidi ya kile kitakachoandikwa na daktari, kisha wakatazama anajibu nini. Wengine wangeona kwamba kumwonya ni kumpa nafasi ya kujificha. Mpangilio wa hatua unaweza kuwa na uzito kuliko hatua yenyewe: mama awe kwanza mikononi mwa daktari, ndipo uamue la kufanya kuhusu duka.

Kwa siku hizi za kati, msimpunguzie diazepam wala kumwongezea hadi aonwe. Tramadol na diazepam zisikutane bila daktari kujua. Akisumbuliwa na magoti, ulizeni hospitali kama paracetamol inaweza kutosha kwa sasa na kwa kipimo gani. Piriton ikae mbali naye. Bahasha za dawa zihifadhiwe mahali ambapo watoto hawafiki, kwa makubaliano naye, asione kama amenyang'anywa. Kaka na mdogo wako waambie kwa ujumbe mmoja, wausome wote wawili, kwamba mama anakwenda kuonwa na kwamba hakuna kitakachobadilishwa kabla ya hapo. Na kama kaka anatafuta namna ya kusaidia, nauli ya kwenda hospitali na gharama za vipimo vya kichwa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Siku ya kwenda, chukua mfuko mmoja utie kila kitu anachomeza: vidonge vya presha, tramadol, Piriton, diazepam ikiwa katika bahasha ile ile ya "1 x 1", na mitishamba kama ipo. Andika katika karatasi saa anazomeza kila kimoja, saa anayolala, saa anayoamka na usingizi wa mchana. Ingieni kwa daktari pamoja, mwache mama aulizwe na ajibu yeye kwanza, kisha wewe uongeze pale atakapokuwa amesahau.